Muulize Afande: Watoto na mguu wa kuku (bastola) ndani ya nyumba

Likizo ya Desemba imefika, watoto wako nyumbani kutwa nzima na hakuna kabati halijafunguliwa, na barua zenu zimekuja karibu zote na swali moja limevaa nguo tofauti tofauti. Kwa hivyo mwezi huu nimeweka kando mambo ya pensheni na kesi za mashamba, mlioandika hizo mtanivumilia, nijibu za silaha na watoto peke yake. Kwa wale wageni hapa, mimi ni afande mstaafu, kazini nilikuwa nafundisha makurutu kulenga shabaha, siku hizi nafuga kuku wa mayai huku Bahati.

*Habari yako afande. Bwanangu ni mfanyabiashara, ako na leseni ya bastola sababu anatembea na pesa. Akirudi jioni anaitoa kiunoni anaiweka juu ya wodrobu chini ya mablanketi. Tuko na vijana wawili, wa miaka 6 na 9. Nikisema hapo si mahali pa kuweka kitu kama hicho ananiambia watoto hawafiki huko na hata hawajui iko. Sasa ameamua likizo hii atawapeleka kwa babu yao Rongai awafundishe kupiga, ati wakishaizoea hawatakuwa na hamu nayo. Mimi roho inanidunda tu. Ni woga wa bure? – Mama Vijana, Nakuru*

Mama Vijana, si woga wa bure hata kidogo. Nianze na hiyo ya "hawajui iko", manake hiyo nimeisikia kwa wazee wengi na sijaona hata mmoja ako na ukweli. Kijana wa miaka 9 anajua mahali unaficha biskuti za wageni, anajua nguo za Krismasi ziko sanduku gani, anajua namba ya siri ya simu ya babake, halafu ati hajui chuma kiko juu ya wodrobu na kila jioni anamuona mzee akiingia chumbani na kitu kiunoni na kutoka bila? Na kufika anafika, kuna kiti, kuna kitanda, kuna ndugu mdogo wa kushikilia kiti.

Kuna utafiti ulichapishwa Marekani mwaka 2001, walichukua wavulana 64 wa miaka 8 hadi 12, wakawaacha kwa vikundi vya wawili watatu ndani ya chumba chenye droo, na ndani ya droo moja kulikuwa na bastola ya kweli iliyozimwa isiweze kufyatuka, watu wazima wakiangalia kupitia kioo cha upande mmoja. Vikundi vilivyoipata, zaidi ya robo tatu viliishika. Karibu nusu ya wale wavulana waliipata walidhani ni ya mchezo ama hawakuwa na uhakika. Na hapa ndio nataka baba yao asome mara mbili, karibu wote walioishika walikuwa wameshafundishwa na mtu habari za usalama wa bunduki. Kwa hivyo hata kama atawafundisha vizuri namna gani, mafunzo si kufuli. Kufuli ni kufuli.

Halafu kuna hii ya kusema mtoto hana nguvu ya kuvuta. Huko huko Marekani walipima nguvu za vidole miaka ya tisini wakaona kwa watoto wa miaka 3 na 4 mmoja kati ya wanne anaweza kufyatua bastola nyingi za kawaida, na wa miaka 5 na 6 ni saba kati ya kumi. Mtoto mdogo hata hatumii kidole kile unatumia wewe. Anaigeuza, mdomo wa bastola unamuangalia yeye usoni, anasukuma triga na vidole gumba viwili. Mwambie bwanako afikirie hiyo picha na kijana wake wa miaka 6.

Dawa ni sefu ndogo ya chuma, imefungwa kwa bolti ukutani ama sakafuni, si ile unaweza kubeba na mkono mmoja kama sanduku la mkate. Risasi zilale mahali pengine na kufuli yake. Ufunguo usining'inie kwa msumari nyuma ya mlango, na kama sefu ni ya namba basi isiwe mwaka wa kuzaliwa wa kifungua mimba. Hii wala si hisani anakufanyia wewe, sheria ya silaha, Sura ya 114, inamtaka mwenye cheti aitunze silaha isifike mikono ya mwingine, na Bodi ya Leseni za Silaha haina mchezo na mtu wa wodrobu.

Na kabla ya kuifungia aitoe risasi, na aitoe kwa mpango. Mdomo wa bastola uelekee mahali pa salama, kwa nyumba zetu nashauri ndoo kubwa imejazwa mchanga iwekwe kando ya sefu, kwa sababu ukuta wa mbao ama mabati hausimamishi risasi na nyuma ya ukuta kuna jirani analala. Kidole kiwe mbali na triga. Magazini, kile kibebeo cha risasi, itoke kwanza. Halafu ndio avute nyuma slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola, ile risasi moja iliyobaki kwenye chemba, tundu la nyuma ya mtutu, iruke ianguke, avute tena, aishikilie wazi aangalie ndani na macho na aingize kidole kidogo aguse kama kuko tupu, manake gizani macho yanadanganya. Akigeuza huo mpango, avute slaidi kwanza halafu atoe magazini, moja itaanguka chini na ataona amemaliza kazi, kumbe ingine imepanda kutoka kwa magazini ikakaa kwenye chemba yake vizuri. Hapo ndio ile "haikuwa na risasi" ya kila siku inatokea. Bastola zote zilizoua mtu nyumbani kwa bahati mbaya mwenyewe huapa haikuwa na risasi.

Sasa Rongai. Cheti ni cha bwanako, kimeandikwa jina lake na namba ya hiyo silaha, hakiruhusu kijana wa darasa la nne aibebe na hakigeuzi shamba la babu kuwa reinji, uwanja wa kulenga shabaha. Tena risasi ikikosa mkebe haianguki pale nyuma ya mkebe. Hata ile ndogo kabisa ya .22, maboksi yake huandikwa onyo kwamba inaweza kwenda maili moja na nusu, hiyo ni kama kilomita mbili na nusu, na ya bastola ya bwanako nayo inapita kilomita moja bila shida. Kwa hiyo umbali Rongai kuna nyumba ngapi, kuna akina mama wangapi wanapalilia?

Hapo kwa "wakishazoea" nitampa nusu maksi, manake siri inazidisha hamu, hilo ni kweli. Lakini watoto wa umri huo hawahitaji kujua kupiga, wanahitaji kujua kuondoka. Marekani kuna programu ya watoto wadogo ilianza 1988, inatumia picha ya ndege tai, na maneno yake ni mafupi: simama, usiguse, kimbia, mwambie mtu mzima. Maneno ni mazuri, ila kuyaimba peke yake hakutoshi, watafiti wa huko huko wameona mtoto aliyeigizishwa anafanya vizuri kuliko aliyeambiwa tu akiitikia ndio ndio. Kwa hivyo igiza. Nunua bastola ya plastiki, mfundishe, mfanye mara kadhaa mkicheka, halafu siku ingine bila kumwambia iweke chini ya mto wa kochi, mtume akaletee rimoti, ujifiche uone. Akiigusa usipige kelele, toka hapo hapo mrudie tena palepale kwa kochi mpaka mwili wake uzoee.

Na siku atakuja mbio kusema "mama nimeona bunduki", tafadhali usimuulize alikuwa anatafuta nini huko. Hilo swali moja, na kofi linalofuatana nalo, ndio linafanya mtoto mwingine aone heri airudishe mwenyewe polepole asijulikane. Mpe soda.

*Afande, jirani yetu ni askari na watoto wetu wanacheza kwake kila siku. Wakati mwingine anarudi na bunduki nyumbani. Naogopa kumuuliza atadhani namchunguza ama namuona mjinga. – Nyar Mamboleo, Kisumu*

Usimuulize yeye kwanza, ongea na mama wa nyumba, kina mama mnaelewana haraka. Unampelekea watoto na kitu kidogo mkononi, hata kama ni samaki tu umepata kwa bei nzuri Dunga, na unasema hivi: "Hawa wangu wana mikono mirefu sana, wanafungua kila kitu, sasa kama kuna dawa ama silaha mahali niambie niwaonye." Umeweka dawa mbele na lawama umewapa watoto wako, hakuna atakayekasirika. Askari wengi wakitoka zamu hurudisha bunduki ghala la stesheni na kutia sahihi kitabuni, lakini kuna kazi inalazimu mtu arudi nayo, na mke wake pengine amekuwa akitafuta mtu wa kumsaidia kulisema hilo jambo. Akikujibu kwa mkato ama akicheka, basi watoto wachezee kwako, utanunua unga zaidi lakini utalala.

*Tunaishi karibu na mahali wanajeshi hufanya mazoezi. Vijana wa mtaa huingia kuokota maganda ya risasi wanauzia watu wa vyuma kuukuu kwa kilo. Juzi wangu wa miaka 11 nilimkuta na moja nzima haijapigwa, ameiweka kwa kalamu zake. Nikaitupa chooni. Nilifanya vizuri? – Baba wa Gilgil*

Chooni haitafyatuka, lakini ingine ukiipata usiibebe wala usiitupe, piga simu. Kuwa na risasi bila cheti ni kosa hata kama ni moja na hata kama uliokota, na huyo wa vyuma kuukuu anayepima maganda kwa mizani bila kuuliza ni ya wapi ajue na yeye anaweza kujikuta ndani ya hiyo kesi. Ukipiga simu wewe mwenyewe na ukae hapo, ni mambo mawili tofauti kabisa na kukutwa nayo.

Watu huniuliza nifundishe watoto kutofautisha ganda tupu na risasi nzima. Sifundishi. Ni kweli ganda lililopigwa halina kichwa na kitako chake kina alama katikati pale pin iligonga, lakini kuna risasi ambayo imegongwa ikakataa kulia, ina alama na bado iko na baruti yote ndani. Mtoto ukimpa hiyo elimu nusu atajiona fundi. Kwake sheria iwe moja, kitu chochote cha shaba ama chuma kwenye uwanja wa mazoezi si chake. Na wasizichome motoni kuona zikilia. Risasi nje ya mtutu haiendi mbali kama ile ya bunduki, lakini ganda lenyewe linapasuka vipande, na vipande vinatafuta macho. Wala wasigonge kitako na msumari, hilo nimeona vidole vikienda.

Kubwa kuliko risasi ni vile vinginevyo, guruneti na mabomu ya mota ambayo yalirushwa yakakosa kulipuka. Si hadithi za mbali. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa fidia Wamasai na Wasamburu zaidi ya 200 walioumia ama waliopoteza watu kwa vilipuzi vilivyoachwa kwenye viwanja vya mazoezi, na kati yao walikuwemo watoto wachungaji waliookota kitu kinachong'aa. Ukiona kitu kama hicho simama hapo hapo, rudi kwa nyayo zako ulizokuja nazo, weka alama ukiwa mbali, kitambaa kwa mti kinatosha, usitie fimbo, halafu mwambie chifu ama piga 999 au 112. Mifugo iende malisho mengine hiyo wiki.

*Mzee, binti yangu ana miaka 13, aliangalia Olimpiki kwa simu akaona wasichana wakilenga shabaha na sasa hanipi amani, anataka kujifunza. Mamake anasema ni mambo ya majambazi. Mimi sijui niseme nini. – Baba Nekesa, Kakamega*

Baba Nekesa, barua yako imenifurahisha kuliko zote. Mwambie mama kwamba Paris mwaka 2024 medali ya dhahabu ya bunduki ya upepo mita 10 kwa wanawake ilienda kwa msichana wa miaka 16 kutoka Korea Kusini, Ban Hyo-jin, ambaye alikuwa ameucheza huo mchezo miaka michache tu. Sidhani kuna jambazi anaweza kusimama kimya muda ule. Kale karisasi ni ka milimita 4.5, na pale katikati kabisa penye pointi kumi ni kanukta ka nusu milimita, unakalenga kutoka mita 10, umesimama, hakuna kuegemea, na moyo wako ukipiga tu mtutu unacheza. Ni mchezo wa pumzi na subira. Watoto wasiotulia ndio nimeona wanaupenda zaidi, sijui kwa nini.

Lakini usikimbie mtandaoni ukanunue bunduki ya upepo ukidhani ni kama kununua mpira. Kabla shilingi haijatoka mfukoni ulizia Bodi ya Leseni za Silaha, na bunduki isifike Kakamega kabla ya karatasi. Na usidanganywe na mtu wa kusema atampeleka kuwinda kanga na kwale msituni, uwindaji wa michezo Kenya umepigwa marufuku na huyo rafiki atakupeleka kortini. Njia ya halali ni klabu ya shabaha iliyosajiliwa, nyingi ziko upande wa Nairobi kwa hivyo ni safari, na mzazi anaenda na anakaa, hamwachi getini. Siku ya kwanza usiangalie bunduki zao, angalia watu. Kuna mtu mmoja ambaye akisema simamisha kila mtu anasimamisha, hata bosi mwenye gari kubwa? Bunduki zikiwa mezani ziko wazi chemba na kibendera kimechomekwa kuonyesha ni tupu? Kuna mtu anaenda kubadilisha karatasi za shabaha wakati mwingine ameshika bunduki? Ukiona hilo la mwisho, rudi nyumbani na binti yako.

Watamfundisha sheria nne, karibu dunia yote wanafundisha hizo, zimepata jina kupitia Jeff Cooper, Mmarekani aliyefungua shule ya silaha ya Gunsite kule Arizona mwaka 1976: kila bunduki ihesabu ina risasi hata kama umetoka kuitoa wewe mwenyewe, usielekeze mdomo wake kwa kitu ambacho hauko tayari kukiharibu, kidole hakiingii kwa triga mpaka macho yako yako kwa shabaha na umeamua, na jua unalenga nini na nyuma yake kuna nini. Mwambie azikariri kabla hajaona bunduki. Mimi makurutu wangu walikuwa wanazisema wakiwa na vijiti vya ufagio, na aliyeweka kidole vibaya kwenye kijiti alizunguka uwanja, kwa sababu kidole hakijui tofauti ya kijiti na bunduki ya G3. Binti akikataa kushika kijiti ati anaonekana mshamba, bado hajafika.

Akianza za baruti baadaye, masikio yafunikwe kila mara bila mjadala, mlio wa bunduki nyingi unapita desibeli 140 na sikio likiharibika hakuna fundi. Miwani pia. Na akitoka reinji anawe mikono na sabuni kabla ya kugusa chapati, manake risasi zina madini ya ledi na hayo yanaingia mwilini kupitia mdomo na kwa watoto yanaharibu akili polepole. Watu wazima wengi sana hulipuuza hilo, utawakuta wanakula karanga katikati ya mazoezi.

Kwa sasa hakuna gharama ya kumfanya ajue jicho lake. Anyooshe mikono yote mbele, viganja vipishane viache katundu kadogo, aangalie saa ya ukutani kupitia hako katundu na macho yote mawili wazi. Halafu afunge jicho la kushoto. Kama saa bado iko, jicho lake kuu ni la kulia, kama imetoweka ni la kushoto, na kuna watu wa mkono wa kulia wenye jicho la kushoto ambao hupiga vibaya miaka mingi wakilaumu bunduki. Ukiona safari za Nairobi zinakulemea, kuna upinde na mshale, Shehzana Anwar wetu alienda Olimpiki ya Rio 2016 kwa upinde na ndiye alibeba bendera ya Kenya siku ya ufunguzi. Hata dati kwa ubao wa ukutani inafundisha mkono kutulia.

*Ikitokea mtoto amepigwa risasi kwa bahati mbaya nyumbani, kitu cha kwanza ni nini? – Sitaki jina, Molo*

Kwanza mtu mmoja achukue hiyo silaha aiondoe mikononi mwa watoto, manake mara nyingi aliyepiga bado ameishika anatetemeka. Halafu kitambaa safi, kanga, fulana, chochote, bonyeza juu ya kidonda kwa uzito wa mwili wako na usiinue inue kuchungulia. Kama ni mkono ama mguu na damu inaruka, funga mshipi ama kitambaa kipana juu ya kidonda, karibu na mwili, kaza na kijiti mpaka damu isimame na ukumbuke saa uliyofunga. Usichokore risasi, usimpe maji. Msalaba Mwekundu ni 1199, lakini kama gari iko mlangoni ondoka, kutoka Molo ni Nakuru Level 5, wa upande wa Kisumu mnaijua njia ya hospitali ya Jaramogi, ile mnaita Russia, hata usingizini. Na msipoteze dakika kumi mkipanga hadithi ya kuambia polisi. Na yule mtoto aliyefyatua naye mtafutie mtu wa kuongea naye, Childline ni 116 na simu ni ya bure, huwa anasahaulika kabisa hiyo siku.

*Nyinyi watu wa mjini mnaogopa chuma. Sisi huku tulichunga ng'ombe tukiwa na bunduki tangu utotoni, baba alikuwa polisi wa akiba, na tuko hai. Mtoto akifundishwa mapema anakuwa na adabu nayo. – Mzee wa Kapenguria*

Salamu mzee mwenzangu. Nimefanya kazi huko juu, najua unachosema na nimeona vijana wa huko wenye nidhamu ya silaha kuliko makurutu wa mjini. Lakini walioniandikia ni walio hai, wale wengine hawaandiki barua. Ukikaa na wazee wako jioni mkahesabu, si wale wa uvamizi, wale wa ajali tu, kijana aliyeegemea bunduki ikalia, aliyevuta kutoka chini ya kitanda akishika upande wa mdomo, utapata majina. Bunduki ya polisi wa akiba tena ni ya serikali, aliyepewa ni baba, na ikichukuliwa na mtoto malishoni baba ndiye anajibu, na adui akimuona mtoto na bunduki hamuoni mtoto, anaona bunduki. Hilo la adabu nakubaliana nawe. Wafundishe basi kwamba ya baba inaguswa na baba, huo nao ni adabu, na pengine ni mgumu kuliko kujua kupiga.

*Nimnunulie kijana wangu bunduki ya mchezo Krismasi ama nitamharibu? – Mama K, Bungoma*

Hautamharibu. Mtoto akinyimwa ataunda yake kwa bua la mahindi, nasi tulifanya hivyo. Nunua ya rangi ya machungwa ama kijani inayoonekana ni plastiki kutoka ng'ambo ya barabara, usinunue nyeusi inayofanana na ya kweli, na usikubali ndugu yake mkubwa aipake rangi ikae kama ya sinema. Bonoko kama hiyo mkononi mwa kijana mrefu saa moja jioni askari hatauliza ilinunuliwa wapi, na kuna watu wako jela kwa uhalifu waliofanya na bandia tupu, sheria inaihesabu. Mchezo ufanyiwe ndani ya kompaundi, na hata hiyo ya plastiki isielekezwe usoni kwa mtu, ukisema hivyo kuanzia sasa hautahitaji kulisema baadaye. Zile zinazorusha vijirisasi vya plastiki ni hadithi ingine, hizo zinatoboa jicho, kwa mtoto wa chini ya miaka kumi achana nazo na kwa wa juu yake nunua miwani kwanza kabla ya bunduki, na mikebe ya kulenga mnayo jikoni.